Usiandike Kwamba Amekua

Radovec, juu ya Erseka
2 Oktoba 2001

Mkwe wangu Lirije,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani, kwangu mimi, kwa mtoto, na kwa mbuzi wote wawili. Hatujambo, ila goti langu la kushoto ambalo lina akili zake lenyewe. Wewe je? Na huyo bibi Mgiriki unayemtunza, Bi Polikseni, bado anakutupia vijiko? Mwambie nimesema ale ashukuru, sisi wa umri wake huku bado tunapasua kuni.

Sotir dereva amefika salama na kisanduku cha barafu. Dawa nimeipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kichanga. Umeme unakatika asubuhi na kurudi jioni ukijisikia, friji imekuwa kabati tu, kwa hiyo dawa nimeiweka kwenye ghala chini ya nyumba, kando ya pipa la kabichi ya chumvi. Pale pana baridi lakini hapagandi. Kabichi yangu haijapata kuganda hata mwaka mmoja.

Sindano ya kwanza nimemdunga mwenyewe, pajani, kama daktari alivyotuonyesha huko Selanik, Ugiriki, kiangazi. Nilishika sindano nikaiweka chini mara mbili. Zamira akaniambia, "Bibi, unaogopa nini? Anayedungwa ni mimi." Ana miaka tisa, mwili wa mtoto wa miaka mitano, na mdomo wa wakili.

Hajrije jirani alichungulia dirishani akauliza tunafanya nini. Nikamwambia mtoto ana minyoo. Akijua kuna dawa ya kurefusha ataanza kumkagua kila siku, na jicho la Hajrije unalijua. Alimsifia ndama wangu asubuhi, jioni tukamfukia. Nimemshonea Zamira kitunguu saumu ndani ya fulana, na akitoka nje nampaka masizi kidogo nyuma ya sikio.

Mtoto yuko vilevile. Mfupi, mbaya wa sura, masikio makubwa. Ptu, ptu.

Mama yako,
Nazlije


Selanik, 14 Oktoba 2001

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mimi mzima. Bi Polikseni ameacha kutupa vijiko, sasa anatupa maneno, na hayo hayavunji kitu.

Mama, naomba uisome barua hii mara mbili. Daktari Evanthia hataweza kumwona Zamira mpaka tupate viza nyingine, na pale ubalozini wananiambia labda Pasaka. Kwa hiyo macho ya daktari ni wewe. Kila mwisho wa mwezi msimamishe mlangoni bila viatu, visigino viguse ubao, mwekee kitabu kichwani, piga alama, kisha pima kwa ile tepu ya mshonaji niliyokuachia. Niandikie namba. Kwa namba hiyo ndipo anapojua kama dawa inatosha, imezidi au imepungua. Ile kalamu ya sindano ina gurudumu. Liache pale alipoliweka mpaka yeye aseme. Kiangazi alikuwa sentimita mia moja na nane. Watoto wa darasa lake wanampita kwa kichwa na shingo.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Akilalamika kichwa, akitapika asubuhi, au akiona vitu viwili mahali penye kimoja, acha sindano siku hiyohiyo na umkimbize hospitali ya Korça. Daktari alinieleza polepole, akanishika mkono wakati anaeleza, na daktari akikushika mkono ujue. Dawa ikizidi, maji hujaa kichwani yakabana macho. Tunamtia mtoto mwilini kitu ambacho hatukioni, halafu tunakaa kungoja. Naogopa, Mama. Mwanao Petrit angekuwepo angeniambia "nyamaza wewe" nami ningenyamaza. Hayupo, na huyu ndiye pekee aliyeniachia.

Tuma picha. Mpiga picha wa Erseka amsimamishe karibu na mlango ili nione.

Mkweo,
Lirije


Radovec, 11 Novemba 2001

Mkwe wangu,

Tunakujulia hali. Huku theluji imeanza kutukonyeza kutoka juu. Kuni zipo, unga upo, lakror, pai yetu ya malenge, tumeoka jana na Zamira amekula kipande cha mtu mzima. Sijui kinakwenda wapi.

Nimempima kama ulivyoagiza. Mia moja na nane, kama kiangazi. Mwambie daktari.

Sindano hatujakosa. Amezoea, siku hizi anaimba wakati namdunga ili nikosee nicheke. Jana ameniuliza, akirefuka atalazimika kufuta vumbi rafu ya juu? Nikamwambia funga mdomo, nikatema mate kulia na kushoto.

Ukipata nafasi tuma sweta. Lile la kijani nimelifua kwa maji ya moto likasinyaa, mikono inamwishia hapa katikati. Na viatu pia, panya wametafuna vile vya kahawia kwenye vidole. Tuma vikubwa kidogo ili vikae muda.

Picha hakuna. Mpiga picha ana mafua. Hata asingekuwa nayo, picha ni uso wa mtoto unaoupeleka barabarani, basi zima litaupitisha mkono kwa mkono. "Huyu ni wa nani?" "Kazuri haka!" Ahsante, hatutaki.

Mama yako,
Nazlije


Selanik, 25 Novemba 2001

Mama yangu,

Natumai mu wazima na kuta zimeziba upepo. Sweta na viatu anavyo Sotir.

Namba yako nimeipeleka. Daktari Evanthia aliitazama akauliza, "Ileile?" Nikasema ileile. Akaniuliza kama dawa ilipata joto njiani, kama iliganda, kama unamdunga kweli au mtoto anakimbia. Nikamwambia mama mkwe wangu akisema atamdunga mtu, mtu huyo atadungwa. Alicheka, lakini niliona amekunja uso. Amesema watoto wengi huanza kukimbia kwa urefu miezi ya mwanzo. Wasipokimbia, lazima kuna sababu.

Nimeuliza sababu gani. Akasema tusubiri. Usiku nikimgeuza Bi Polikseni ubavu wa pili nafikiri: labda kuna kitu kichwani mwa mtoto. Labda kinakua wakati yeye hakui.

Tafadhali, ghala lako lina baridi ya kutosha? Usinifiche kitu. Daktari amekubali tuongeze kidogo sana, kituo kimoja tu kwenye gurudumu, kisha tupime tena.

Mkweo,
Lirije


Radovec, 20 Desemba 2001

Mkwe wangu Lirije,

Salamu. Nakufahamisha kwamba sisi wazima, mbuzi mmoja ana kikohozi. Theluji iko kwenye kizingiti.

Ghala ni sawa. Dawa ni sawa. Kituo kimoja nimeongeza tangu ulipoandika.

Kipimo ni mia moja na nane.

Usiniulize sana, mwanangu. Mungu anampimia kila mtu kwa kamba yake. Mtoto ni mfupi, mweusi wa masizi, pua inatoka kamasi, hana lolote la mtu kumwonea wivu. Tuendelee hivyohivyo kimyakimya.

Lile doa la wino hapo chini usilijali. Zamira alitaka kukuandikia mstari, nikaona anaandika upuuzi, tukagombania kalamu na wino ukamwagika. Anakusalimu.

Suruali pia zimesinyaa. Maji ya huku ni makali.

Mama yako,
Nazlije


Selanik, 6 Januari 2002

Mama,

Salamu, na mwaka uwe mwema kwenu. Samahani mwandiko, naandika nimesimama.

Miezi mitatu. Sindano kila jioni, na mtoto hajaongezeka hata unene wa ukucha! Nimekaa na daktari, tumezungumza. Zungusha gurudumu mpaka mara mbili ya hapo lilipo sasa. Mara mbili, Mama. Usikose hata jioni moja, hata akilia, hata akisema imetosha. Mifupa ina wakati wake. Ikishajifunga, hakuna atakayeifungua, na mwanangu atabaki kuitwa kibeti mpaka anazeeka. Unakumbuka harusini nilipokuja likizo, yule mpumbavu aliyemwinua juu ya meza kama chupa ya pombe ya raki ili watu wamwone? Unakumbuka uso wake alivyotazama chini? Mimi nauona kila siku.

Naogopa kusubiri kuliko ninavyoogopa dawa.

Fanya kama nilivyosema.

Mkweo,
Lirije


Radovec, 27 Januari 2002

Lirije mwanangu,

Nakusalimu haraka. Njia ya mlimani imefungwa, Sotir hajaonekana, barua hii nampa mtu wa maziwa anayeshuka kwa nyumbu, sijui itakufikia lini.

Zamira anaumwa kichwa. Kilianza Jumatatu, baada ya kurudi shule. Nilidhani ni jicho baya la mtu. Niliweka makaa matatu kwenye bakuli la maji nikasoma maneno ya mama yangu. La kwanza lilizama, la pili likazama, la tatu likaelea likifukuta. Nikajua ameangaliwa na mtu. Nikamnawisha uso kwa maji yale. Jumanne kichwa kipo. Jumatano akatapika kabla ya kula chochote. Hajrije alikuja na supu, nikamfukuza mlangoni, nikamwambia, "Rudi na macho yako!" Maskini amelia, na labda hana kosa.

Leo asubuhi mtoto ametazama zizini akasema, "Bibi, mbuzi wamekuwa wanne."

Nikakumbuka barua yako ya kwanza. Lakini ninayo na ya mwisho pia, umesema nisikose hata jioni moja, hata akilia. Nimeziweka zote mbili mezani, nazisoma moja baada ya nyingine. Nifuate ipi? Wewe ndiye mama, na daktari amesema na wewe. Nimeshika kalamu ile mkononi tangu jua lizame. Zamira amelala kakumbatia kichwa kwa mikono. Nimekwenda ghalani nikairudisha dawa kando ya pipa. Leo simdungi. Kama nimekosea nisamehe, na kama kuna laana iwe juu yangu.

Njoo. Sijawahi kukuambia hivyo tangu uondoke. Njoo.

Nazlije


Selanik, 9 Februari 2002

Mama,

Barua imefika leo. Umefanya sawa, umefanya sawa, usimdunge tena hata tone. Nimepiga simu posta ya Erseka mpaka Bi Polikseni akaninyang'anya simu akapiga yeye; laini zimeanguka. Sotir anaondoka sasa hivi, atavuka kwa njia yoyote. Mimi nafuata mara karatasi za kumvusha mtoto zikitoka. Daktari Evanthia anaziandika kwa mkono wake.

Mlaze kichwa juu, na mito. Chumba kiwe giza. Usimwache peke yake.

Kama haoni vizuri usimwambie kwamba unajua.

Lirije


Selanik, 24 Februari 2002

Mama,

Najua unangoja habari, na najua tuliachana mlangoni kwako mbio mbio. Zamira yupo hospitali ya watoto, mimi nalala kwenye kiti kando yake. Anakula. Kichwa kimepungua. Macho bado, mishipa ya nyuma ya jicho imevimba, wanamulika kila siku. Kwa jicho la kulia anasema anaona kama kupitia glasi ya maziwa. Daktari amesema uvimbe ukishuka macho hurudi, ila si yote, si kila mara. Basi hapo ndipo tulipo.

Sasa nikuambie kilichotokea siku tuliyofika.

Walimpiga picha ya kichwa. Mtoto hakui, kichwa kinauma, macho yanapotea: kila mmoja pale alifikiria kitu kimoja, na mimi nilikifikiria kuliko wote. Nilikaa kwenye ubao wa korido nikamwahidi Mungu vitu ambavyo sina. Picha ikatoka haina kitu. Daktari Evanthia akashangaa. Akasema, "Mpimeni." Wakamsimamisha kwenye fimbo ya ukutani. Muuguzi akasoma namba, daktari akasema soma tena. Akasoma tena. Akaja mwenyewe akashusha kile kibao mpaka kichwani pa mtoto, akageuka akanitazama.

Mia moja na kumi na tano.

Sentimita saba, Mama. Tangu kiangazi. Dawa ilikuwa inafanya kazi tangu siku ya kwanza. Nilimbeba kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye gari, miguu yake ikinigonga magotini, na bado sikuelewa. Sweta lilisinyaa. Suruali zikasinyaa. Panya wakala viatu. Na mimi, mtu mzima, nikanunua vingine na sikujiuliza.

Nikamuuliza Zamira: bibi alikuwa akikupima? Akasema, "Kila mwezi. Kisha ananifinya shavu ananiambia niinamishe kichwa nikipita kwa watu." Nikamuuliza ule mstari uliomwagiwa wino uliandika nini. Akasema aliandika, "Mama, nimefika kwenye komeo la mlango."

Kwa nini, Mama? Daktari ameniuliza. Anataka kujua ni mwezi gani alianza kukua kwa kasi, ili ajue ni dawa kiasi gani mwili wake unahimili, kama siku moja tutathubutu kuanza tena. Nitamwambia nini?

Nilikuwa nimeandika maneno makali hapa, nimeyachana. Maana na mimi nina langu. Barua ya Januari, niliposema nimezungumza na daktari: kweli tulizungumza. Yeye alikataa. Alisema hapandishi dawa ya mtoto ambaye hajamwona. Niliamua mwenyewe, nikaficha nyuma ya jina lake kwa kuwa nilijua usingenisikiliza mimi. Wewe ulidanganya kwa hofu, mimi nikadanganya kwa hofu, na uongo wetu ukakutana ndani ya kichwa cha mtoto.

Niandikie ukweli. Sotir anasubiri.

Lirije


Radovec, 5 Machi 2002

Lirije mwanangu,

Sina haki ya kukuuliza hali, lakini nakuuliza. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu asiyelala. Nyumba imekuwa kubwa. Hajrije huja jioni, ananiwashia moto, na mimi nimemwomba radhi.

Unauliza kwa nini. Wewe ni mtoto wa mjini Korça, kwenu mlitema mate mara moja kwa adabu mkaendelea na chakula. Nisikilize.

Uliolewa Petrit akiwa tayari mtu mzima, hukumwona akikua. Alikuwa mrefu kiasi kwamba baba yake alivunja fremu ya mlango akaipandisha. Sikumsifia hata siku moja. Nilimwita kibuyu, nilimwita mbaya, kama mama yangu alivyoniita mimi. Mpaka harusi ya binamu yake, kiangazi kile cha mwisho wake. Wewe ulikuwa nyumbani na Zamira ana surua. Petrit ndiye aliyeshika kitambaa mbele ya mstari wa ngoma, na mwanamke mmoja kando yangu akasema, "Mlingoti gani huu! Wilaya nzima hana mwenzake." Hakusema mashallah. Na mimi nilipaswa kutema mate nikasema ah, jitu tu, halina akili. Sikusema. Nilimtazama mwanangu akiruka, jua likimpiga usoni, nikasema kwa sauti: "Ni wangu. Nimemzaa mimi."

Wiki iliyofuata machimbo yaliporomoka na yeye akiwa ndani.

Watu walimlaumu yule mwanamke. Mimi sikumlaumu. Najua jicho lilikuwa la nani.

Kwa hiyo mwisho wa Oktoba nilipomweka Zamira mlangoni, nikaona kitabu kimepanda juu ya alama ya kiangazi, Lirije, moyo uliniruka kwa furaha, na palepale nikaingiwa na baridi. Furaha ileile. Ya kule harusini. Nikafumba macho. Nikaogopa kuiandika namba, maana kuandika ni kusema, na barua inapita kwa watu. Nikaandika ile ya zamani. Nilidhani namkinga. Nilidhani dawa itafanya kazi yake na mimi nitafanya yangu, wala hazitagongana. Uliposema mara mbili, nilikaa na ile kalamu. Kama ningekataa ingebidi niseme kwa nini. Nikazungusha. Mkono huu hapa ndio uliozungusha.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo wasemavyo. Mimi nilishtuka nikamkanyaga mtoto.

Mwambie daktari sikukosa kupima. Kila mwezi nilikata uzi wa sufu kwa urefu wake, kutoka kisigino hadi utosi, kwa nyuma, nikiwa nimegeuza uso. Nyuzi zote nimezitia mfukoni mwa koti la Petrit, pale hakuna jicho linalofika. Nimekutumia na Sotir. Mwezi wa kwanza una fundo moja, wa pili mawili, na kuendelea. Apime yeye, mimi namba sitaki kuzijua.

Nakuomba jambo moja, na unaweza kunikatalia. Zamira akipona macho, usiniandikie kwamba amepona. Siwezi kuisoma karatasi inayosema hivyo, nitaogopa mpaka nife. Na asipopona, hilo niandikie wazi, nalistahili.

Mama yako, kama bado unataka niwe,
Nazlije


Selanik, 27 Machi 2002

Mama,

Nakujulia hali, wewe na goti lako na mbuzi wawili, nasema wawili. Hajrije msalimu, mpelekee kahawa hii niliyompa Sotir.

Nyuzi zimefika. Daktari Evanthia alizilaza mezani moja kando ya nyingine, akazinyoosha kwa kidole, akapima, akaandika. Kisha akaniuliza kama anaweza kubaki nazo. Nikamwambia ni za koti la mume wangu, lazima zirudi. Zitarudi.

Uliniomba nisikuandikie habari njema. Nilipoisoma nilikasirika. Nikasema moyoni, mimi huyu nimesoma shule, nimeishi Ugiriki mwaka wa tano, uchawi huu wa makaa na masizi nauweka chini leo. Halafu jana daktari alimaliza kummulika Zamira macho yote mawili, akazima taa yake, akaniambia jambo. Nimerudi naye nyumbani, nimechukua kalamu nikuandikie alichosema, neno kwa neno, na mkono umekataa. Umekataa kabisa, Mama! Nimeketi hapo nikiiogopa karatasi. Nimekwenda jikoni nikatema mate mara tatu kwenye sinki la Bi Polikseni. Naye akatema, bila kuuliza. Nimegundua na kwao wanayo hofu hii.

Basi pokea habari zetu.

Zamira ni mfupi. Ni mbaya wa sura, na masikio ni makubwa kuliko ulivyoyaacha. Hana adabu hata chembe. Jana hiyohiyo ameichukua barua yako mezani bila ruhusa, akasimama nayo dirishani, akaisoma yote peke yake, mwanzo hadi mwisho, na mwandiko wako huo unaofanana na nyayo za kuku. Hakukunja jicho. Alipofika kwa baba yake akasoma polepole. Kisha akaniuliza, "Komeo la mlango na baba, nani alikuwa juu?"

Dawa itarudi, lakini kidogo, pale lilipoanzia gurudumu, na hakuna mkono utakaoligusa isipokuwa wa daktari. Bado naogopa. Kila asubuhi namuuliza anaona vidole vingapi, na ananijibu "kumi na saba" ili nizimie.

Pasaka tunakuja. Ukae mlangoni utungoje. Usimpime. Mtazame tu, na ukihisi furaha inakupanda, nitazame mimi, nitakuwa nyuma yake, na mimi nitakuwa nakutazama wewe, tutaigawana.

Mwanao,
Lirije

Hapa chini ni mkono wa Zamira. Wino sijamwaga.

Bibi, mimi bado mfupi sana. Hata sweta la pili limesinyaa. Ptu ptu ptu.
Mjukuu wako mbaya.